Mchanga Ule Ulikuwa Wangu

Minza mwanangu,

Baba yako amelala, au anajifanya amelala. Wewe nakusikia chumbani unafunga na kufungua zipu ya begi, kana kwamba nguo zitapungua zenyewe. Mimi nimekaa jikoni na karatasi zilizobaki za risala ya kwaya, na mwandiko wangu unaujua, kwa hiyo vumilia.

Sitakuandikia habari za neti, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume. Ya neti na maji unayajua, na ya wanaume utanipuuza kama nilivyompuuza mama yangu. Shangazi yako wa Nyakato amekupa mawaidha tangu jana, mpaka nikakuona unatafuna ugali umefumba macho. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu masika. Kila nikilikaribia najikuta nakuuliza kama umekula.

Nina aibu, mwanangu. Ngoja niliandike hivyo kwanza, kabla sijaanza kuzunguka, maana nikizunguka nitafika mbali. Nina aibu mbele yako, na nina aibu mbele ya jina lako, ambalo ni la mama yangu.

Tena aibu yenyewe ilianza kinyumenyume. Mwanzo nilikuonea aibu wewe.

Uliporudi kutoka chuoni na vyeti vyako, ukakaa miezi unapeleka barua za kuomba kazi kwenye ofisi za Nyamagana na kurudi na viatu vyenye vumbi, nilikuwa nakuonea huruma. Huruma ile ilikwisha siku ulipofunga simu kwenye kijiti, ukakichomeka mchangani pale mwaloni Igombe, inapotua mitumbwi, katikati ya wanawake tunaoanika dagaa, ukaanza kuongea peke yako. Mama Sospeter akanisogelea na ungo wake kiunoni. Akasema, "Mama Minza, mwanao anaongea na nani pale? Maana mwenzake simwoni." Wote wakacheka, nami nikacheka nao ili nisiwe peke yangu.

Kanisani wakasema unajianika kwenye mtandao. Sikuuliza unaanika nini. Sikuomba hata kuangalia. Nilisimama kwenye mazoezi ya kwaya, wewe umekaa benchi la nyuma, nikaomba wenzangu waniombee mtoto wangu aliyepotelea ndani ya simu. Ulivyotoka ulinibebea kitenge changu nilichokisahau kwenye benchi, ukanikabidhi nyumbani kimekunjwa.

Baadaye sana ndipo nilipoziona hizo video, na nikaona hazikuwa na lolote la kuombewa. Mikono yako inaosha dagaa kwenye beseni. Dagaa wametandazwa juani. Kisha wewe unachukua dagaa mmoja mkavu, unamsogeza karibu na simu, unamng'ata na kusema, "Sikiliza." Basi. Video inakwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Watu walikuwa wanasikiliza kama kuna mchanga, hawausikii, na wanarudia tena.

Kila mtu nchi hii anajua dagaa wa Mwanza wana mchanga. Ni kilema chetu, tumezaliwa nacho. Mtu wa Dodoma akinunua dagaa wetu anawaosha mpaka mikono inakunjamana, na bado anatafuna taratibu kama anayetafuta jino. Sisi wenyewe tulikuwa tunasema ndivyo ziwa lilivyo. Wewe ndiye uliyeniuliza tukichambua, kabla ya video hata moja, "Mama, si ulisema bibi alikuwa haaniki mchangani?" Nikakujibu bibi yako alianika juu ya mawe, anayafagia na kuyamwagia maji ya ziwa, na siku hizi mawe yote ya Mwanza yamejengewa nyumba. Nilidhani nimekufunga mdomo. Wiki ile ile ukaenda kwa fundi Masanja na miti ya mirunda ya kuazima, ukarudi na kichanja cha kwanza, kimetandikwa wavu juu, kirefu mpaka kiunoni. Nikakuuliza sasa huyo maiti wa kulazwa hapo yuko wapi.

Nacheka peke yangu hapa jikoni, na si kicheko kizuri.

Mteja wa kwanza alikuwa mama lishe wa Tabora. Aliona, akasikiliza, akapiga simu, na ulivyokuwa unamjibu ulisimama wima kama uko mbele ya mwalimu. "Shikamoo mama." Ukampelekea kiroba kimoja kwa basi. Naye akawaambia wenzake wanaopika jirani yake. Kisha Singida, kisha Dodoma, kisha mpaka watu wa Mbeya ambao sijui hata dagaa walikuwa wanapata wapi zamani. Kichanja kimoja kikawa safu. Fundi Masanja, aliyekuwa anatengeneza majeneza na vigoda tu, akachukua vijana wawili wa kumsaidia. Yule mzee wa Kihindi mwenye duka la nyavu mjini akawa akikuona anaagiza chai kabla hujaketi. Bodaboda wa Igombe wakawa na kazi ya kupeleka mizigo stendi tangu alfajiri. Wanawake walionicheka wakaja mmoja mmoja, wanazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, wanauliza, "Eti Minza, kichanja kinatakiwa kiwe na urefu gani?" Nawe ukawaonyesha wote. Uliwarekodi na wao, kila mmoja na kichanja chake, mpaka ufuko mzima ukawa unang'ata dagaa mbele ya simu. Nilikwambia unawapa watu riziki yako bure. Ukanijibu, "Mama, mteja akiona ufuko mzima ni msafi, atarudi Igombe hata siku mimi sina."

Mimi ndiye niliyevimba kichwa. Kanisani nikahamia benchi la mbele. Mtu akinisalimu namwambia, "Mimi ndiye mama yake yule Minza wa dagaa," hata kama hajauliza. Nilikula matunda ya jambo nililoliombea lipotee.

Sasa nimefika.

Unakumbuka ulipokwenda Kisesa kwenye msiba wa ndugu wa baba yako. Ilikuwa masika, na giza la kuvulia dagaa lilikuwa linakwisha. Kesho kutwa mwezi ungetoka, mitumbwi ingelala, na dagaa wasingepatikana mpaka mbalamwezi ipite. Uliniachia mzigo wa Dodoma, wa yule dada mwenye duka aliyekwambia huu ukiwafurahisha wateja wake atachukua kila mara. Ulinishika mkono ukasema, "Mama, jua likikataa, mpigie umwambie asubiri. Ataelewa." Ulisema hivyo. Sitajifanya hukusema.

Mvua ikanyesha siku mbili, usiku na mchana. Turubai zikazidiwa, dagaa wa kwenye vichanja wakaanza kunuka na kulegea. Wale tena ni wa kuku, sio wa mtu. Nilikaa kizingitini nawaangalia, simu yako ile ndogo iko mapajani, namba ya yule dada ipo. Sikupiga. Nilijiambia nikipiga atasema watu wa Mwanza ni wale wale. Nilijiambia ukirudi utaniona sikuweza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshazoea kuwa mama wa mtu anayesifiwa, na sikutaka kukaa hata siku moja bila sifa.

Mama Sospeter alikuwa na dagaa wake ndani, wakavu, walioanikwa mchangani kabla ya mvua. Yeye kichanja alikuwa hajajenga, na hakumficha mtu. Nilipomwambia nawataka wote aliniuliza mara mbili, "Hawa wa chini? Na Minza anajua?" Nikamwambia anajua. Nikawachekecha. Nikawachekecha tena na tena mpaka bega likauma, na kila nilipochekecha mchanga ulikuwa unapungua, kwa hiyo nikajidanganya kwamba umekwisha. Lakini dagaa aliyelala mchangani amekwisha kuumeza. Uko kwenye mashavu, uko tumboni, na hakuna chekeche duniani linaloingia humo. Hilo nalijua tangu utotoni, Minza. Nililijua mkono wangu ukiwa kwenye chekeche. Nikasema moyoni, mchanga kidogo ulishamuua nani. Nikawatia kwenye ile mifuko myeupe yenye jina lako na picha yako unacheka, nikafunga, nikampa bodaboda.

Usiku ule nililala vizuri. Nalo nimeona nikuandikie.

Yule dada wa Dodoma hakutukana. Laiti angetukana. Alijirekodi naye, akaweka mfuko wako mezani ili jina lionekane, akamimina dagaa kwenye beseni jeupe, akaosha, akawatoa, akayamwaga maji taratibu. Kilichobaki chini kilikuwa ufuko wetu. Akasema kwa sauti ya upole, "Minza mdogo wangu, ulituambia tusikilize. Basi na wewe sikiliza." Akachukua kijiko, akakikwangua kwenye mchanga ule. Waswahili wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Huyu mwosha aliamua kuwaita watu wote waje kuona.

Ulinikuta hapa jikoni. Ulinionyesha, ukaniuliza, "Mama, hawa ni wetu?" Ulikuwa umeshika mlango. Nami nikakujibu nikiwa nakoroga uji, bila kugeuka, "Labda wamewachanganya huko huko. Watu wana husuda."

Chekeche lilikuwa limening'inia juu ya kichwa changu, na mchanga bado umeganda kwenye matundu. Najua uliliona. Ulilitazama, ukanitazama mimi, ukasema, "Sawa mama," ukatoka. Tangu siku ile sijawahi kukusikia ukisema sawa nikaamini.

Kisha ukaenda ukasimama kwenye vichanja, ukajirekodi bila kujipaka chochote, ukasema kosa ni lako, hukukagua mzigo, unaomba radhi, na aliyenunua atapelekewa mwingine. Nilikuwa nyuma ya dirisha. Miguu yangu ilikuwa mizima. Kutoka dirishani mpaka uliposimama ni mwendo wa kumfukuza kuku, na sikwenda. Niliendelea kushika pazia. Baba yako alikuwa kitandani na mgongo wake, akaniambia neno moja tu, na unajua baba yako maneno yake yana mgao. Alisema, "Mtoto amebeba gunia lako." Nikamjibu anyamaze. Akanyamaza, na amenyamaza mpaka leo, na kunyamaza kwake kumenichapa kuliko fimbo.

Watu walikusikia ukisema kosa ni lako, wakakuamini, na ndilo lililotumaliza. Oda zikakatika, si zako tu. Nani atauliza kichanja hiki ni cha Minza na hiki ni cha jirani? Wote walikuwa Igombe, wote waling'ata mbele ya simu. Fundi Masanja amerudi kwenye majeneza, na wale vijana wawili wamekwenda kutafuta machimbo Geita. Bodaboda wanacheza bao mchana. Wenye vichanja wengine wamevigeuza kuni, na Mama Sospeter, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kununua mirunda yake, ameirudisha. Yeye hajanitaja kwa mtu. Ana mdomo mpana kuliko ziwa, na hajanitaja.

Nimefikiri sana kwa nini niliweza. Sokoni sijawahi kumwibia mtu hata kisado, kwa sababu mtu sokoni ana macho, na Jumapili nitakutana naye. Wale wa kwenye simu sikuwaona. Kwangu walikuwa kelele tu inayotoka mfukoni mwako. Wewe ulikuwa unawaona. Ulikuwa unajua yupi amejifungua, yupi duka lake limehamishwa, yupi anapenda dagaa wadogo wadogo. Ulikuwa unawajibu mpaka bando linakwisha. Nilidhani ni ujanja wa biashara, kumbe kwako wale walikuwa majirani.

Kesho basi lenu la Kigoma litapita juu ya daraja la Busisi, na utavuka kabla hujamaliza kutafuna karanga. Mimi na bibi yako tulivuka pale kwa kivuko, na safari moja foleni ilituweka mpaka mvua ikatukuta na magunia ya dagaa wa kupeleka Geita. Nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe. Tulipovuka bibi yako akafungua gunia moja, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa. Akaniambia nishike upande wa pili. Tukalirudisha gunia zima ziwani. Nililia, nilikuwa nimeahidiwa viatu. Watu wa kivuko walituona wendawazimu, na mmoja akamwambia, "Mama, si ungewauzia tu, nani angejua?" Akasema, "Anayewala ananijua mimi." Wateja wake walikuwa wanawake wachache wa soko moja. Nilimchukia njia nzima kwa ajili ya viatu vile. Nikampa mwanangu jina lake, nikalichapisha kwenye mifuko, na humo ndimo nikatia mchanga.

Sasa la Kigoma. Ulivyotuambia kina mama wa kule wamekuita ukawarekodie dagaa wao, nilikutania kwamba umekwenda kwa adui, maana dagaa wa Kigoma tayari wanajiona mabwana harusi. Ulicheka. Nilifurahi ulivyocheka. Lakini juzi Mama Sospeter alinionyesha kwenye simu yake, chini ya tangazo la wale kina mama, mtu ameandika, "Si ndiye yule wa mchanga? Anakuja kutuchafulia na sisi." Na mwingine, na mwingine. Mama Sospeter hakucheka safari hii. Alinipa tu simu nishike mwenyewe. Nikakumbuka kwamba jioni iliyotangulia ulilaza simu kifudifudi mezani, ukamaliza chai yako, ukaosha vikombe vyote, hata visivyo vyako. Ulikuwa umeshasoma.

Kwa hiyo unakwenda mbali kiasi chote hicho, na gunia langu limekutangulia stendi.

Sikuombi msamaha kwa barua. Barua utaikunja utie begini, na kosa lako la kuazima litabaki pale pale watu walipoliona. Nakuomba jambo jingine, na ni kubwa kwangu, unajua.

Umeniomba mara ngapi nitokee kwenye video zako, na mara zote nina sababu. Sijasuka. Nina pengo. Mtu mzima hajianiki. Sasa sikiliza. Mfuko mmoja wa ule mzigo ulibaki, bodaboda alisema umezidi. Niliuficha nyuma ya pipa la unga, nimepika ugali miezi yote hii nikiuruka kwa macho. Nimeshautoa. Upo juu ya begi lako, na barua hii iko juu yake, ndiyo maana umeiona.

Alfajiri, kabla ya kwenda Nyegezi kupanda basi, twende pale mwaloni. Usinipake kitu. Usiweke muziki, wala usikate nikikosea. Simu isogeze karibu, nitang'ata upande wa kushoto, ndiko meno yaliko. Mchanga utasikika. Acha usikike mpaka mwisho. Usiniambie, "Mama acha, yameshapita," kwa sababu kwako hayajapita, na ukinionea huruma nitamwomba Mama Sospeter anirekodi yeye, na unajua atakavyoongeza maneno. Wacha wa benchi la mbele waone. Wacha yule dada wa Dodoma aone, na kina mama wa Kigoma waone kabla basi halijafika Kasulu.

Wateja wako wananifahamu kama mkono tu, ule unaogeuza dagaa nyuma yako. Jina langu hawalijui, kwa hiyo nitalitaja kwanza. Nimejizoeza hapa jikoni kwa sauti ya chini, baba yako amegeuka kitandani, naona anasikia. Nitasema hivi:

Naitwa Kabula, mama yake Minza. Mchanga ule ulikuwa wangu.